Kisu Nilichokikana

Asifiwe Bwana, ndugu zangu, na asifiwe na ninyi mliokaa kule nyuma pia! Mkiona nimeishikilia mimbari hivi msidhani ni mbwembwe. Ni woga.

Kwa wageni wasionijua, naitwa Elisha, mtoto wa mhunzi wa Kasulu, Kigoma. Nakaa kule Bluff, hapa hapa Durban, na mke wangu Ester na binti yetu Neema, na kazi yangu ni kufua visu vya jikoni vya chuma cha Damaski, vile vyenye mistari inayopita kwenye bapa kama maji yanayotembea. Wengine wenu mnavyo majumbani. Leo sikuja kuvinadi. Nimekuja kuwaambia vilianzaje. Asubuhi hii Ester aliniuliza mara mbili kama nina hakika nataka kusema haya mbele za watu. Nikamwambia sina hakika, ila nitasema.

Baba yangu alifua majembe. Kila jembe alilipiga nukta tatu karibu na shina, na mtu yeyote wa kwetu akiziona alijua limetoka kwa nani. Mimi nilikua kwenye moshi wa mkaa wake. Nilipofika Durban nikapata kazi ya kuchomelea milango ya makontena kwenye yadi moja karibu na bandari. Ilikuwa kazi ya heshima, lakini mikono yangu ilikuwa na hamu ya nyundo. Nikakata mtungi mtupu wa gesi nikaufanya tanuru. Kipande cha reli kikawa fuawe. Springi za malori zilizotupwa zikawa chuma changu. Jumamosi mchana nilikuwa nafua uani, majirani wanakuja kuchukua visu vya kukatia nyama ya kuchoma, na mimi nikifurahi kama mtoto.

Halafu akaja mtu mmoja. Jina lake silitaji. Sisi mtaani tulimwita Koti, kwa sababu alivaa koti hata jua la Desemba likichoma lami. Alitaka kisu kifupi, chenye makali pande zote mbili, chembamba kiasi cha kukaa ndani ya mkono wa koti. Ndugu zangu, hakuna mboga inayokatwa kwa kisu cha namna hiyo! Nilijua. Sikuuliza, kwa sababu ningeuliza angenijibu, na akinijibu ningelazimika kukataa. Nikamfulia. Akarudi akataka kingine. Vikafika saba. Na kila kimoja nilikipiga nukta tatu za baba yangu, kwa majivuno, maana vilikuwa vizuri!

Papa Dieudonné mnamjua, yule pale safu ya pili. Shemasi wetu, mtu wa Bukavu, Kongo, mpishi. Ameniruhusu niseme. Mnakumbuka ile alasiri alipochomwa kisu kwenye stendi ya taxi mjini, wakitaka simu yake. Aliinua mkono kujikinga, kisu kikapita kwenye kiganja na kukata mishipa ya vidole, kisha kikaingia ubavuni. Kesho yake tulikwenda hospitali, mimi, Ester na baadhi yenu. Tukaimba taratibu. Tukaomba. Tulipomaliza, mkewe, Mama Furaha, akatoa simu. Yule mwizi alikuwa amekiangusha kisu akikimbia, mlinzi akakiokota, na Mama Furaha akakipiga picha kabla polisi hawajakichukua.

"Muangalie kisu yenye walimutobolea bwana yangu," akasema.

Simu ikapita mkono kwa mkono. Ikanifikia. Kisu kilikuwa ndani ya mfuko wa plastiki, kina damu, na chini ya damu, karibu na mpini, kulikuwa na nukta tatu.

Niliirudisha ile simu. Nikasema, "Pole sana, mama." Ndivyo nilivyosema! Pole sana, mama. Nikatoka kwenye korido, nikashika ukuta.

Kuanzia siku hiyo sikuwa na amani hata ya dakika tano. Niliitupa kwenye maji ya bandari sindano ya chuma niliyokuwa napigia zile nukta, nikabomoa tanuru, nikamwambia Ester nimechoka na moshi. Taxi ikisimama kwenye robot, taa za barabarani, na gari la polisi likasimama ubavuni, nilikuwa natazama viatu vyangu mpaka taa ya kijani. Kazini msimamizi akiniita jina tu, kijasho kinanitoka. Ester alidhani naumwa tumbo, akawa ananipikia uji. Nikaunywa ule uji, ndugu zangu, na nikamwacha aendelee kudhani.

Lakini palipokuwa pagumu kuliko pote ni hapa. Hapa kanisani! Papa Dieudonné alitoka hospitali, lakini vidole vitatu vya mkono wa kulia vikawa havikunjiki tena, na kule alikokuwa anapika wakamwambia akae nyumbani. Kila Jumapili tukamwombea. Na kila Jumapili Mama Furaha alisimama, akainua mikono, akalia: "Mungu, ule mutu alitengeneza hii kisu, umutoe inje! Asifichame!" Kanisa zima likajibu Amina. Na mimi nikajibu. Nilikuwa naomba kwa sauti kubwa nifichuliwe, huku rohoni nikiomba Mungu asisikie.

Miezi mitano. Meza ya Bwana ikija nilikuwa natoka nje kana kwamba nina simu ya muhimu.

Basi Jumapili moja Pasta akaniita. "Kaka Elisha, njoo leo utuongoze kumwombea Papa Dieudonné." Nikaja nikasimama hapa hapa nilipo. Nikafumba macho. Nikasema, "Ee Bwana." Halafu basi. Hakuna neno lililofuata. Nikafumbua macho nikamwona Papa Dieudonné ameinamisha kichwa, ule mkono wake umelala pajani kama kitu cha mtu mwingine. Nikateremka, nikatoka kwa mlango ule wa pembeni. Mkadhani nimeguswa na Roho, na mama mmoja akapiga vigelegele! Nilivisikia nikiwa nje, nikatapika kwenye maua ya kanisa.

Jumanne yake niliomba ruhusa kazini, nikapanda ngazi mpaka kwenye fleti yao. Papa Dieudonné alikuwa jikoni anajaribu kukata sombe, majani ya muhogo, kwa mkono wa kushoto. Vipande vingine vikubwa, vingine vimepondeka.

"Ndugu Elisha, karibu," akasema. "Juzi ulitutoka, tukaogopa uko mugonjwa."

Nilikuwa nimepanga maneno mengi njiani. Yote yakapotea. "Papa Dieudonné, kile kisu ni changu."

"Kisu gani?"

"Kile kilichokuchoma. Mimi ndiye niliyekifua. Zile nukta tatu ni alama ya baba yangu. Nimejua tangu siku ile hospitali."

Akakiweka chini kisu alichoshika. Mama Furaha alikuwa amesimama mlangoni na beseni la nguo, sijui tangu saa ngapi.

"Tangu hospitali," Papa Dieudonné akasema polepole. "Miezi tano. Na ulikuwa unasema Amina."

"Nilikuwa nasema."

"Elisha, toka. Toka, mbele ya miye kukasirika."

Nikatoka. Ndugu zangu, nimesikia shuhuda nyingi ambapo mtu akikiri tu mzigo unaanguka pale pale na anaruka kama ndama. Wangu haukuanguka. Niliteremka zile ngazi nikiwa na woga mara mbili, maana sasa kulikuwa na watu wawili wanaojua, na sikujua watafanya nini.

Jumamosi ile ile, mchana kweupe, Neema akiwa kwa rafiki yake na Ester akianika nguo, Koti akafika getini. Akaniuliza visu vyake viko wapi, anahitaji vingine vitatu. Nikamwambia sifui tena vya aina hiyo. Akacheka. Akaniuliza kwa Kizulu chake cha haraka nani amenifundisha kukataa. Akaegemea geti akaanza kutazama kamba ya nguo. Akatazama shati langu, akatazama gauni la Ester, akatazama sare ndogo ya shule ya Neema, akaitazama ile kwa muda mrefu. Kisha akasema, "Sharp, baba," ile sawa yao ya mtaani, akaondoka taratibu, hana haraka yoyote.

Ester akaja na vibanio mkononi. "Huyo nani, Baba Neema?"

Nikamweleza yote pale pale, tumesimama kati ya nguo mbichi. Akageuza ndoo akaikalia.

"Umemwambia Papa Dieudonné kabla yangu," akasema.

"Ndiyo."

"Sawa. Hilo tutalimaliza siku nyingine. Sasa hivi vaa viatu twende polisi."

"Ester, karatasi zangu zinakaribia kuisha. Wakinishika?"

"Yule mtu ameangalia sare ya mwanangu. Vaa viatu."

Tukampitia Neema, tukamwacha kwa Mama mchungaji, tukaenda. Tulikaa kwenye benchi tangu saa saba mpaka jua likaanza kuegemea. Kila mlango ulipofunguka nilisimama nusu. Hatimaye akatupokea inspekta mmoja, mwanamke mtulivu, mwenye miwani. Akaandika yote kwa mkono. Visu vingapi, umbo gani, nilimpa nani, lini. Akaomba karatasi zangu, akazitazama mbele na nyuma, akanirudishia. Akauliza, "Kwa nini umechelewa hivi?" Nikasema, "Niliogopa." Akaliandika na hilo. Nililiona pale kwenye karatasi, woga wangu umeandikwa kwa wino wa serikali, na chini yake nikatia sahihi.

Hakunifunga. Akaniambia nisihame bila kumjulisha, na Koti akionekana tena nipige simu. Wiki tatu nilimpeleka Neema shule mwenyewe na kumrudisha mwenyewe, nikigeuka nyuma kila hatua kumi. Koti hakuonekana. Hilo nalo lilitisha.

Wiki ya nne mlango ukagongwa. Nilichungulia dirishani kwanza. Alikuwa Papa Dieudonné, peke yake. Hakukaa, alisimama katikati ya chumba.

"Kule nilikuwa natumika," akasema, "chef alikuwa na kisu moja iko na mistari sawa mayi. Alikuwa anaifunga ndani ya kitambaa, hapana mutu kuigusa. Nitengenezee sawa ile. Lakini mupini yake ikamate hii mukono, sababu hii mukono haikamate tena."

"Papa, hicho ni chuma cha Damaski. Sijawahi kukifua. Sijui."

"Utajua. Ile ya kunitobola, ulijua."

Akatoka. Sikuelewa kama nimepewa msamaha au adhabu. Mpaka leo sijamuuliza.

Hapo ndipo nilipoanza njia hii, ndugu zangu. Bwana aliniandalia mtu! Miezi iliyopita nilikuwa nimemchomelea geti mzee mmoja kule Westville, Mzee Pillay, fundi mstaafu, na nikawa nimeona tanuru ndani ya gereji yake pale ambapo wenzake wanaweka gari. Nikamrudia nikamwomba anifundishe. Akasema yeye ana mgongo mbovu na mimi nina mikono, basi tufanye biashara ya mgongo na mikono. Kila Jumamosi nikawa naenda.

Unachukua vyuma vya aina mbili. Kimoja kitakuwa cheusi kwenye asidi, kingine kitabaki cheupe. Unavipanga kimoja juu ya kingine kama chapati kwenye sinia, unavifunga, unanyunyizia boraksi, unga mweupe unaofukuza uchafu, unavichoma mpaka vinakuwa na rangi ya kiini cha yai. Halafu unapiga. Mapigo ya kwanza ndiyo kila kitu. Ukichelewa, vinapoa na havishikani. Ukipiga kwa hasira, vinateleza. Vikishikana, unakunja, unapiga tena, unakunja, mpaka vile vyuma viwili havijui tena mwenzake anaanzia wapi.

Mimi nilipiga kwa woga. Bonge langu la kwanza lilionekana zuri kwa nje. Nilipolikata, likafunguka katikati kama kitabu. Mzee Pillay akasema, "Mwanangu, ulikuwa unalikimbia." Kazi ya Jumamosi nne ikaenda kwenye pipa la vyuma chakavu. La pili lilishikana, nikalifanya kisu, nikakichovya kwenye mafuta kikiwa cha moto ili kiwe kigumu, na ndani ya mafuta nikasikia mlio mdogo, ti! Nikajua. Nilipokitoa kilikuwa na ufa mwembamba kama unywele, toka kwenye makali mpaka katikati ya bapa. Na kila Jumapili nilikuja hapa, Papa Dieudonné akinitazama, na haulizi kitu. Afadhali angeuliza!

Siku moja baada ya ibada Mama Furaha akanijia. Hakuwa amesema nami neno tangu ile Jumanne. Alishika bakuli lililofunikwa. "Bugali," akasema. Nikadhani ananipa chakula. Akafunua, kulikuwa na donge gumu lenye alama ya mkono. Alikuwa amempa mumewe akalifinya likiwa la moto kiasi, likabaki na umbo la kiganja chake, na vile vidole vitatu visivyokunjika vimeacha mifereji mifupi. "Upime mupini na hii. Usipime na mukono ya mutu mwingine." Nikalibeba lile bakuli ndani ya taxi mpaka Bluff kama mtu aliyebeba mtoto mchanga.

Jumamosi ya bonge la tatu nilifika Westville, nikashika koleo, nikaliweka, nikalishika tena. Mzee Pillay akanitazama akaingia ndani kutengeneza chai, akaniacha na moto. Nikapiga magoti kwenye sementi. Sikuomba kisu kizuri. Nilisema, "Bwana, nimekimbia tangu hospitali. Nimekimbia meza yako. Nizuie nisikimbie moto huu." Hilo tu. Nikasimama, nikachungulia ndani ya tanuru, rangi ilikuwa imefika. Nikatoa, nikaweka kwenye fuawe, nikapiga. Ndugu zangu, Mungu ni mwaminifu! Woga haukuondoka, nilikuwa nausikia humu kifuani kama kawaida, lakini mkono ulikwenda palepale nilipoutuma. Palepale! Vyuma vikashikana. Nikakunja. Vikashikana tena.

Kwenye mafuta kisu hakikulia. Nikakisugua kwa msasa, nikakitumbukiza kwenye asidi, nikangoja. Nilipokitoa na kukisuuza, mistari ilikuwa imejitokeza, myeusi na myeupe, inapita toka shinani mpaka nchani. Nikalia kwenye gereji ya watu. Mzee Pillay alisimama na vikombe viwili vya chai hajui aviweke wapi.

Nilikipeleka mchana, mpini wa mti mgumu niliouchonga kwa kufuata lile donge la bugali. Papa Dieudonné akakipokea kwa mkono wa kulia. Vile vidole vikalala kwenye mifereji yake. Akakigeuza, akakishusha, akakiinua. Akachukua kitunguu, akakikata mara mbili, akasimama, akatazama kiganja chake. Akaendelea. Sauti ya kisu kwenye ubao ikawa ya haraka, ile sauti ya mpishi, na Mama Furaha akatoka chumbani mbio kwa sababu alikuwa hajaisikia kwa muda mrefu.

Hakuniambia amenisamehe. Alisukuma ndoo ya vitunguu kwa mguu mpaka mbele yangu. "Iko arusi kesho," akasema. "Iko vitunguu mingi. Kaa, umenye."

Nikakaa, nikamenya.

Leo Papa Dieudonné anapika kwenye harusi na misiba ya jamii yetu, na wapishi wenzake wakaona kisu, wakauliza. Ndivyo kazi yangu ilivyoanza. Nafua visu vya jikoni tu. Mtu akitaka cha makali mawili, namwambia hapana, hata awe nani. Na zile nukta sizipigi tena. Napiga jina langu lote, lisomeke.

Ningependa kuishia hapo, mseme haleluya, tukale. Lakini wiki mbili zilizopita mlango uligongwa, na safari hii alikuwa yule inspekta. Koti amekamatwa. Alhamisi hii, saa tatu asubuhi, natakiwa mahakamani niseme mbele yake kwamba kisu kile nilikifua mimi na nilimpa yeye. Atakuwa ananitazama. Kuna watu wake ambao hawajakamatwa. Siku tatu Ester na mimi tulizungumza kurudi Kasulu. Tulishatoa hata begi juu ya kabati. Halafu Papa Dieudonné akaja, akaliona lile begi, akasema, "Miye nitaikala pale mbele, mahali unaniona. Ukiogopa, uniangalie miye, usimuangalie yeye." Ester akalirudisha begi juu ya kabati.

Kwa hiyo, ndugu zangu, mimi nimekombolewa na bado naogopa. Yote mawili ni kweli na ninayasema mbele za Mungu. Bwana hakunitoa kwenye moto. Alinitoa mafichoni, na nimegundua kwamba kule mafichoni ndiko nilikokuwa nakufa. Nawashukuru ninyi, namshukuru mke wangu, nawashukuru Papa Dieudonné na Mama Furaha, ambao Mungu alijibu maombi yao nami nikasimama inje kama walivyoomba!

Na wewe uliyekaa hapo moyo ukikudunda, mwenye jambo ambalo hakuna ajuaye, sikuahidi kwamba ukilisema utalala vizuri siku hiyo. Nakuambia nenda. Mtegemee Bwana kwa mlango mmoja tu, ule unaoujua wewe, ukaugonge wiki hii. Utamkuta ameshafika. Na Alhamisi, saa tatu, popote mtakapokuwa, kazini, sokoni, ndani ya taxi, nitajeni kwa jina langu. Elisha wa Kasulu. Mwambieni Mungu nitakuwa nimesimama.